Mboji Ndani ya Kilindo cha Bibi

Jumatatu, 2 Septemba 1912
Nimerudi nyumbani likizo, na naapa kuandika kila kitu humu, hata yatakayonitia aibu. Mwalimu Ruthu ametupa kazi. Kila msichana arudi na kapu la mboji iliyoiva, ameitengeneza mwenyewe kwa taka za kwao. Atakayeleta atapata tuta lake katika bustani ya misheni, na mwakani atawafundisha wadogo. Nataka tuta hilo. Nataka kufundisha! Sijamwambia mtu.

Shule inafunguliwa tarehe 14 Oktoba. Majuma sita. Leo nimechimba shimo nyuma ya tembe: pumba za uwele, samadi ya zizini, majivu kidogo, machicha ya pombe. Mikono inanuka. Sijali.

Alhamisi, 5 Septemba
Kuku! Wamefukua shimo lote, wametawanya kila kitu hadi mlangoni. Mama akanifokea mimi, si kuku.

Nimeokota yote, punje kwa punje, huku nalia kwa hasira. Bibi akanihurumia. Akanipa kilindo chake kikuukuu cha kuwekea nafaka, kilichotoboka pembeni. Hakishiki uwele tena. Lakini matundu yale ndiyo hasa ninayotaka – Mwalimu alisema mboji ikikosa hewa hunuka tu, haiivi. Nimepanga upya, tabaka kwa tabaka. Juu nimefunika kipande cha ngozi ya ng'ombe.

Bibi akauliza ni kitu gani. Nikasema mboji. Akaguna, akaenda zake.

Jumanne, 10 Septemba
Maji ni shida. Mama amenikataza kugusa mtungi, na ni haki yake, kisima kiko mbali. Basi nakinga maji wanayonawia mikono wageni. Nanyunyiza kidogo tu, ili nikiminya taka mkononi ziwe kama nguo iliyokamuliwa, si zaidi. Nageuza kwa fimbo kila siku ya tatu.

Jumapili, 15 Septemba
Inafuka! Asubuhi kulikuwa na baridi, nikafunua ngozi, mvuke ukapanda hadi usoni pangu. Nikachomeka fimbo katikati, nikaichomoa – ya moto! Hakuna moto, na ni ya moto! Niliimba njia nzima kwenda kanisani.

Jumatatu, 16 Septemba
Leo nina hasira!

Baba yuko kazini kwenye reli, upande wa Tabora, kwa hiyo hapa neno la mwisho ni la baba mkubwa Matonya. Yeye ndiye jumbe wa kijiji pia. Amekuja asubuhi, hata salamu hakuitikia. Akaniuliza mbele ya watu kama huko misheni tunakula mavi.

Nikasema sielewi, baba.

Akasema kila mtu anaelewa. Kisimani wanawake wote wanasema Loisi anapika mboga kwa mavi ya ng'ombe, anapika bila moto, na chungu chake ni kilindo cha chakula!

Mboga! Bibi alisikia mboga! Nilisema mboji, neno la shuleni, yeye akasikia mboga, akawauliza wenzake kisimani ni mboga gani hiyo inayonuka vile. Nikaeleza. Hakuna aliyesikiliza. Walikuwa wanacheka, wameshika mbavu. Stara, mwenzangu wa rika, akaniuliza kama nitamwachia kidogo, ale na ugali.

Mama aliendelea kupepeta uwele, hakuinua hata macho. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano, 18 Septemba
Baba mkubwa amepata sababu ya kukiharibu kilindo sasa. Bushiri, tarishi wa boma, ameleta amri: mzungu mkubwa atapita Jumamosi, taka zote za kila nyumba zichomwe kabla hajafika. Baba mkubwa akacheka. Akasema kilindo kitakuwa cha kwanza, na shule imekwisha, nitabaki hapa nijifunze kupika mboga ya kweli.

Nilikimbia nikamwahi Bushiri njiani. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikamuuliza kama amri inataja mbolea pia. Akasema amri inasema taka. Nikamwambia hii si taka. Akakuna kichwa, akasema mwanangu, kwa boma kila kisichoandikwa ni taka.

Basi mimi nitaandika!

Ijumaa, 20 Septemba
Wamekichoma. Nilikwenda kisimani tu, kurudi nikakuta majivu. Kilindo cha Bibi, kilichokaa na nafaka tangu baba yangu hajazaliwa! Nimemwambia baba mkubwa kwamba amechoma shamba. Ndiyo, nilimwambia hivyo, kwa sauti. Mama akanivuta ndani kwa nguvu.

Na ndani – Bibi. Ameketi kwenye kitanda chake cha ngozi, hataki kuinuka. Akanionyesha chini kwa kidevu. Kuna kapu chini ya kitanda. Alikwisha kuikomba mboji yote kabla hawajafika, wakachoma kilindo kitupu! Nikatia mkono. Vuguvugu.

Bibi akasema yeye ndiye aliyesikia vibaya, basi yeye ndiye wa kulipa. Mama akasimama mlangoni, anachungulia nje. Kumbe ndiye aliyemshikia kapu.

Baba mkubwa amerudi sasa hivi kunywa pombe. Amekaa hatua tatu tu kutoka hapa ninapoandika. Ameinua pua, ameuliza ni nini kinachonuka humu ndani. Bibi hata hakupepesa macho.

“Mboga,” akasema.

Baba mkubwa ameweka kibuyu chini. Anamtazama Bibi. Anatazama kitanda.

Bushiri anapita misheni kesho alfajiri. Nimekata nusu ya ukurasa huu wa mwisho, nimeandika, na hapa nanakili nisije nikasahau nilichouliza: Mwalimu, nijibu kwa Bushiri huyu huyu, tafadhali usikawie – mboji ikihamishwa kabla haijaiva, na bado ina joto kidogo, je, iko hai?