Barabara za Mizeituni Zisizo na Magari

Gahanna, Columbus, Ohio
Oktoba, 2015

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Ni matumaini yangu kwamba goti lako limepata nafuu tangu baridi ipungue huko nyumbani, na kwamba Mama amekubali hatimaye kuacha kubeba kikapu cha majani ya chai kilichojaa hadi pomoni. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu utulivu wa moyo, naomba uisome barua hii yote kabla hujamweleza mtu yeyote.

Kwanza nina ombi. Kile kijitabu cha kampuni nilichokutumia, chenye picha za waendesha baiskeli na jina langu pamoja na shahada yangu chini ya ramani, tafadhali usiendelee kukionyesha kanisani. Nilichothibitisha humo si kweli.

Kama ujuavyo, mwajiri wangu huwauzia Wamarekani safari za baiskeli katika vilima vya kusini mwa Hispania, si mbali na Bahari ya Mediterania. Watu hawa hawaendeshi baiskeli ili wafike mahali. Wanapanda mlima na kuushuka kwa raha tu, na wanachokitafuta ni barabara za changarawe zisizopitiwa na magari. Mkurugenzi, Bwana Wendell, anaishi Louisville. Mimi niko hapa Columbus na kompyuta yangu. Yeye hunitumia picha zilizopigwa kutoka angani, nami huzikagua, nikachora njia, nikapima miinuko, kisha nikatia jina langu kwamba njia hiyo haina magari. Aliniahidi kwamba kikundi cha wateja wa Desemba kikithibitisha safari, atapeleka maombi serikalini ili nibaki nchini kama mtaalamu wake. Kibali changu cha mhitimu kinaisha mwakani, na bila maombi hayo sina budi kufunga mizigo.

Sasa nikueleze nilivyokosea. Katika picha zote nilizoletewa, barabara zile zilikuwa tupu. Kwetu, Baba, barabara ya katikati ya chai haipumziki: leo lori la kiwanda, kesho trekta la mbolea, na wachumaji hupita juma baada ya juma, mwaka mzima. Kwa hiyo nilipoziona barabara za mashambani zisizo na chombo chochote, picha baada ya picha, niliamini kwamba mashamba yale ya mizeituni yametelekezwa na wenyewe wamehamia mjini. Haikunijia akilini kwamba upo mmea unaovunwa msimu mmoja tu, na kwamba miezi mingine yote barabara yake hulala.

Jambo moja lilinitia shaka tangu mwanzo. Changarawe ilikuwa imesawazishwa vizuri mno. Ni nani agharamie kusawazisha barabara asiyoitumia? Nilimwuliza Bwana Wendell kwa simu.

“Chelangat, wewe ni hazina,” akanijibu. “Jicho kama lako sijapata kuliona.”

Swali likabaki pale pale. Tangu siku hiyo nikaanza kuziogopa sifa zake, kwa maana niligundua kwamba zinakuja kila ninapouliza jambo.

Mapema mwezi huu tulikwenda Buffalo kukutana na kikundi hicho cha Desemba, wengi wao wastaafu wanaotaka kuikimbia theluji. Bwana Wendell alikaa hotelini. Mimi nilikaribishwa Cheektowaga na Mama Furaha, Mkongo wa milima ya Kivu Kusini, anayefanya kazi katika ghala moja huko. Tulifahamiana kwenye kongamano la kanisa hapa Columbus. Alinipikia sombe, yaani kisamvu, na wali, akanisikiliza jikoni kwake huku amejishika kiuno.

“Donc, we unapimaka barabara za Espagne, na we uko Ohio?”

“Kwa picha, Mama.”

“Kwa picha! Basi na mimi nitapimaka mashamba ya kwetu nikiwa humu kwa cuisine yangu.” Alicheka hadi akakalia ndoo. Kisha akanitazama kwa makini. “Na huyo patron, anakusifu juu ya nini kila siku? Mimi kule ghalani, supervisor akinisifu, naangalia kwanza mizigo gani anataka nibebe.”

Nilimweleza kwa upole kwamba katika kazi za kitaalamu hali ni tofauti. “Bon,” akasema, akaniongezea sombe.

Kesho yake, katika ukumbi wa maktaba, nilizungumza kwa Kiingereza changu bora kabisa. Nilionyesha vijiji vyeupe vilivyoning’inia juu ya vilima, na mteremko mrefu ninaojivunia kuliko yote, unaopinda katikati ya kuta mbili za mawe mpaka mtoni. Walipiga makofi. Ndipo mama mmoja, muuguzi mstaafu aitwaye Bi Marjorie, akainua mkono.

“Je, tutawaona wakivuna zeituni? Nimesikia Desemba hupiga matawi kwa fimbo ndefu, zikaangukia kwenye nyavu.”

Kabla sijajibu, Bwana Wendell akadakia: “Mavuno yako mbali na njia zetu.”

Baba, alijuaje kwamba yako mbali? Mimi niliyechora njia hizo sikujua hata kwamba Desemba kuna mavuno, naye hakuwahi kunitajia. Nikazikumbuka picha: vivuli vifupi, nyasi zilizokauka, mito isiyo na maji. Zote zilipigwa wakati wa kiangazi. Aliyezichagua ni yeye.

Tulirudi kwa gari lake, yeye akielekea Louisville, mimi nikishukia hapa. Tulipoliacha nyuma yetu ziwa kubwa la huko Buffalo, nikajikaza.

“Bwana Wendell, zeituni hizo huondolewaje shambani?”

“Kwa trekta, nadhani. Na malori madogo.”

“Yakipita kwenye njia zetu?”

“Mbona unaniuliza kama polisi?”

“Njia zina jina langu.”

“Na jina lako litakuwa na kibali gani mwakani, bila wale watu wa Buffalo?” Kisha akabadilisha sauti, ikawa laini kabisa. “Sikiliza. Nenda Hispania mwenyewe mwezi ujao. Ziendeshe zote. Gharama ni juu yangu.”

Ungalikuwepo, ungalinipongeza kwa bahati hiyo. Lakini chuoni tulionywa kwamba mhitimu mwenye kibali kama changu anaweza kutoka nchini na kuzuiwa asirudi, na Bwana Wendell analijua hilo, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemweleza. Sikuweza kutambua kama ananipa zawadi au ananifungulia mlango ili aufunge nikishatoka. Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiri. Hadi leo nauona ule mteremko: mstaafu mmoja akiteremka kwa kasi na baiskeli yake, kona, na trekta lililojaa zeituni likipanda, kulia ukuta, kushoto ukuta.

Nilifikiri siku nzima, nikampigia simu Bi Marjorie, nikamwambia yote: kwamba nilikosea, kwamba Desemba barabara zile ni za wavunaji, na kwamba mtu asizishuke akiamini ziko tupu.

“Bosi wako anajua?”

“Anajua.”

“Alisemaje?”

“Amenipa safari ya kwenda Hispania.”

“Usiende, mwanangu,” akasema.

Kikundi kimeifuta safari ya Desemba. Baadhi yao wako tayari kwenda Aprili, mavuno yakiwa yamekwisha; wengine wamejitoa kabisa. Bwana Wendell hakunipigia simu. Aliniandikia tu: “Aprili, basi. Chora upya.” Maombi yangu hakuyataja, wala sikumwuliza, kwa sababu naogopa kwamba jibu lolote atakalolitoa, zuri au baya, sitaliamini. Huenda amenibakiza kwa kuwa nilisema kweli. Huenda hajapata mwingine. Nimefuta jina langu kwenye njia zote, na sasa kabla ya kulirudisha kwenye hata moja, nawatafuta wenyeji wa kijiji kilicho karibu na kuwauliza panalimwa nini, na huvunwa lini.

Naomba usifadhaike, na wala usimwandikie mtu yeyote kuniombea.

Mfikishie Mama salamu zangu za upendo. Msalimie kaka yangu Kipkirui dereva na mkewe, shangazi mwalimu wa shule ya Jumapili, na babu mdogo wa ng’ambo ya mto, ambaye najua hataacha kukuhoji. Majirani nao wakikuuliza kama nimepata kibali, waambie bado. Wakikuuliza kwa nini, waambie kwamba nilizungumza. Usinipambe, Baba, hata kidogo; mwaka ujao waweza kuniona mlangoni, nami ningependa kuingia bila kumweleza mtu lolote.

Ni mimi, bintiyo akuheshimuye,

Chelangat