Siku Tulipojitoa Kwenye Zamu

Kwihara

Mjukuu wangu Maganga,

Marahaba, mume wangu. Mama yako hajambo, karanga tumeshang'oa, na mimi bado nazitafuna kwa meno yangu mwenyewe.

Unauliza inakuwaje nchi hiyo unakosoma ipige kura kujitoa kwenye umoja na majirani zake, halafu wabunge wabishane miaka bila kuondoka. Nimecheka, nikamkumbuka baba yangu.

Nilipokuwa msichana tulilima kwa zamu na wenzetu wa ng'ambo ya kijito, ngoma ikituita asubuhi. Siku moja baba akafoka, "Wale wavivu, tujitoe!" Wote wa upande wetu wakanyoosha mikono. Kumbe mashamba yetu yalikuwa yameshalimwa, ya wenzetu bado. Wengine wakataka tuwalimie kwanza, wengine tuondoke hivyo hivyo, wengine wakadai ngoma ya zamu iwe yetu. Vikao vikafuatana, na majani yakazidi kuota huko ng'ambo.

Asubuhi moja ngoma ikalia. Baba akawa wa kwanza kuvuka, jembe begani.

"Baba, si tumejitoa?"

"Tumejitoa. Lakini leo ni zamu yao."

Hebu watazame hao wabunge, uniambie: ngoma ikilia, miguu yao inaelekea wapi?

Bibi yako,
Kalunde