Imefungwa Nini?

Mwenzangu, sikia haya.

Mjukuu wangu alikuwa akimwonyesha mkuu wake wa kazi, kwenye mkutano wa video kompyutani, mchoro wa kitanda cha wagonjwa. Kila alipoinua mgongo wa kitanda, kitanda kizima kiliruka, mguu mmoja ukabaki chini.

Mkuu akasema, “Dakika tano. Ukishindwa, nampa mwingine kazi hii.”

Mtoto machozi yanamlenga. “Bibi, imefungwa isisogee. Naapa imefungwa.”

Imefungwa! Nikafoka, nimeketi kando yake: “Imefungwa nini? Fremu ni ‘imefungwa’, mguu ni ‘umefungwa’. Sema sawasawa.”

Akautazama mchoro upya. Kumbe ameufunga mguu. Fremu inayobeba vyote ameiacha ikielea.

Akaifunga fremu, akaufungua mguu. Kitanda kikatulia.

Sauti ya mkuu ikatoka kompyutani: “Bibi, tumekusikia sote. Mchoro iko sawa, kazi ni yake.”

Ningenyamazaje, mwenzangu? Nikamjibu: “Mchoro uko sawa, si ‘iko’.”