Kwa Nini Karani Habanduki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limetulia tangu ulipohamia kwa kaka. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Amenikataza kukuambia kwamba amenenepa, kwa hiyo sikuambii.

Nina habari, nayo ni ndefu, basi tafuta miwani yako ukae vizuri. Inamhusu mjukuu wako, na nakuonya mapema kwamba nitajisifu. Nimejaribu mara mbili kuiandika kwa unyenyekevu, na karatasi zote mbili nimezichana.

Unamkumbuka Karani, mbwa uliyetuachia ulipohama. Wewe mwenyewe ulimpa jina hilo kwa sababu tangu udogo wake alikuwa na uso wa mtu anayesubiri umalize kujaza fomu. Sasa, miezi miwili hii nimekuwa nikishinda nyumbani mchana; sababu nitakueleza huko mbele, usiniharakishe. Kwa kushinda nyumbani nikagundua kwamba mbwa huyu habanduki. Nikiingia jikoni, yuko. Nikienda stoo kutafuta mwiko ambao hata siuhitaji, yuko. Nikiingia bafuni analala mlangoni, nikitoka namkanyaga mkia, kisha ananitazama kana kwamba ni mimi niliyemvizia. Siku moja nilikuwa nimebeba ndoo ya maji ya moto, nikageuka ghafla, nikajikwaa kwake, maji yote yakamwagika sebuleni. Hakuna aliyeungua, ila hasira zilinipanda. Nikatangaza mbele ya mkweo na mtoto kwamba Karani anahama. Mlinzi wa kiwanda cha matofali alikuwa ameniomba mbwa siku nyingi, nikampigia simu pale pale, tukakubaliana aje kumchukua Jumamosi ya wiki ya tatu, akitoka likizo.

Mkweo aliniuliza nitakuambia nini wewe mwenye mbwa. Nikajibu kwamba mama yangu ni mwelewa. Najua usingeelewa, mama, lakini ndivyo nilivyojibu. Mtoto hakulia. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani, kisha akaja kuniuliza kama najua kwa nini mbwa ananifuata. Nikasema sijui na sina haja ya kujua. Akasema basi nitakuwa nimemfukuza bila kusikiliza upande wake. Ana miaka tisa tu, na mdomo ule hakuutoa kwangu.

Ikatokea kwamba mwalimu wao amewapa kazi. Kila mtoto achague swali moja la nyumbani kwao, alitafutie jibu kwa macho yake bila kunakili kitabuni, kisha alisome darasani mbele ya wazazi. Mjukuu wako akamchagua Karani. Tukawekeana sharti kwamba akileta sababu ya maana, mbwa abaki. Nilimweleza wazi kuwa “anakupenda” si sababu, kwani hata mimi nawapenda yeye na mama yake na siwafuati mpaka chooni. Akaliandika sharti hilo kwenye daftari, akanitaka nitie sahihi, nikatia.

Alianza na chakula, maana mkweo alikuwa na uhakika kwamba namlisha kwa siri. Kwa siku tatu nikakatazwa hata kugusa bakuli. Karani alikula kwa mkweo, akalamba mpaka bakuli likang’aa, akatikisa mkia kwa adabu, kisha akaja kujibwaga miguuni pangu. Mtoto akalikata neno “chakula” daftarini kwa mstari wa rula.

Akasema labda ni harufu ya saruji ya kazi yangu ya vigae. Akamwita shemeji yangu, yule fundi umeme mwenye kitambi, akamvika ovaroli langu la kazi, ambalo halikufunga hata kifungo kimoja, akamwamuru azunguke nyumba nzima. Shemeji alizunguka kwa heshima zote. Karani alimnusa magoti, akamwonea huruma, akarudi kwangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikabaki pale pale kwa muda mrefu nikipangusa machozi. Nikamwona mtoto anatazama saa ya ukutani na kuandika, nisijue anaandika nini.

Kisha akakumbuka ile tabia yangu ya kugonga vigae kwa mpini wa nyundo ili nisikie kama chini kuna uwazi. Akakumbuka pia kwamba wewe ulikuwa ukimwita mbwa kula kwa kugonga bakuli sakafuni. Hapo nilijua amelipata jibu. Nikaikabidhi nyundo mwenyewe, nikakaa siku mbili bila kugonga chochote, jambo ambalo kwangu si dogo. Wapi. Karani alikuwa nyuma yangu vilevile, na mtoto akachukua rula.

Ndipo alipofanya jambo ambalo ni mtoto wa fundi vigae tu angelifikiria. Alihesabu vigae vya nyumba yetu yote, chumba kwa chumba, akavichora kwenye karatasi za daftari la hesabu, kigae kimoja mraba mmoja, akaziunganisha kwa gundi zikawa ramani pana kuliko meza. Kisha akawa ananichora ninavyotembea. Mimi nilikuwa mstari mwekundu, Karani wa bluu. Alifanya hivyo kila siku akitoka shule, na Jumamosi moja akafanya kutwa nzima. Niliomba kuiona, akaniambia nisubiri na wazazi wengine.

Siku ya kusoma ilikuwa Ijumaa iliyopita, na mlinzi alikuwa aje kesho yake. Darasa lilijaa. Walikuwepo majirani zetu karibu wote, na mimi nilikuwa nimevaa koti. Ilipofika zamu yake alibandika ramani ubaoni, na watu wakanong’ona. Mama, ungeiona. Hakuna kigae kilichokosa mahali pake, hata vile vipande nilivyokata kuzunguka nguzo ya barazani. Kifua kilinijaa.

Akaanza kusoma. Akasema baba yake ni fundi vigae, na kwamba kwa sasa hana kazi.

Hapa ndipo napaswa kukueleza, kabla hujasikia kwa mwingine. Katika barua mbili zilizopita nilikuandikia kwamba nipo kwenye lile jengo la ghorofa na kwamba kazi inakwenda vizuri. Nilikudanganya. Nimeondolewa miezi miwili sasa. Nilitandika vigae katika bafu kubwa la chini, maua ya bluu na nyeupe kutoka ukuta hadi ukuta, na nilipoweka pima maji ya kupimia usawa, kiputo chake kilisimama katikati popote nilipoiweka. Nikajivunia mno. Walipofungulia maji yakasimama pale pale, hayakwenda kwenye tundu, kwa sababu nilisahau kuipa sakafu mteremko. Kosa la mwanafunzi, mama, na mimi nina miaka ishirini na miwili kazini. Msimamizi aliniambia niivunje niirudie. Nikamjibu mbele ya vijana wake kwamba sakafu yangu haijawahi kupinda, nayo kweli haikupinda, ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Akaniambia nikachukue vyombo vyangu. Majirani niliwaambia mgongo unaniuma. Shemeji, mkweo na mtoto ndio pekee waliojua.

Sasa jambo hilo lilikuwa linasomwa darasani. Nikaangalia mlango. Mtoto hakunitazama, aliendelea kusoma. Akasema Jumamosi ile baba alizunguka nyumba mara arobaini na saba na hakukaa katika chumba chochote zaidi ya dakika tano. Akasema siku ya ovaroli, baba alipocheka na kukaa chini, alikaa dakika ishirini na sita, na mbwa akalala usingizi wa kukoroma. Akasema mama yake akiinuka, mbwa hufungua jicho moja tu, kwa sababu mama anajulikana anakwenda wapi. Baba hajulikani. Jibu lake likawa kwamba baba anatafuta kitu, mbwa hajui ni kitu gani, na anamfuata ili asikitafute peke yake.

Mwalimu akasogea karibu na ramani, akamuuliza ule mstari wa tatu, mwembamba wa penseli, ulio nyuma ya ule wa bluu, ni wa nani. Mtoto akasema ni wake. Akaeleza kwamba yeye pia huwa anamfuata baba, ila mbwa ana kucha na zinalia kwenye vigae, na yeye hutembea pekupeku, kwa hiyo baba humsikia mbwa tu, na humgombeza mbwa tu.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikawaambia wote kwamba huyo ni binti yangu, kwamba aliyoyasoma ni kweli tupu, na kwamba mgongo wangu ni mzima kabisa. Nimewahi kusifiwa kwa sakafu nyingi, mama, na hakuna siku niliyotembea kurudi nyumbani kichwa juu kama siku ile, nikiwa sina kazi na kila mtu anajua.

Mlinzi alikuja Jumamosi na kamba yake. Nilimpa chai, nikamsimulia kisa chote, akaondoka na kamba yake akicheka. Karani ni wetu, au niseme ni wako, na hahami.

Kesho asubuhi naenda kwa msimamizi. Nitamwomba ruhusa niivunje ile sakafu kwa mikono yangu na kuirudia na mteremko wake. Huenda akanikubali, huenda akaniacha nisimame getini. Vyovyote itakavyokuwa nitakuandikia ukweli. Nisamehe kwa zile barua mbili.

Nisalimie kaka na mkewe, na watoto wao wote. Mkweo anauliza kama lile blanketi linatosha huko. Mjukuu wako anakuamkia. Amekaa mbele yangu hapa mezani, na mbwa amelala chini. Tangu Ijumaa mtoto anavaa viatu vya shule ndani ya nyumba, kutwa, hata leo Jumapili. Mkweo amemgombeza kwa ajili ya sakafu. Mimi nimemwomba amwache, nataka kumsikia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Fundi