Nilisali Baa Ifungwe, Mungu Akaiacha Wazi

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini nakuonya mapema kwamba sikuja kulia, machozi nilishayamaliza, nimekuja na hasira na furaha kwa pamoja na sijui nizitue wapi.

Mimi ni mjane, fundi cherehani, nashonea sebuleni kwangu, na majoho yote ya kwaya ya kanisa letu yamepita mikononi mwangu. Marehemu mume wangu alikuwa akiimba besi katika kwaya hiyo hiyo, na binti yetu alijua kuimba kabla hajajua kufunga viatu, baba yake anampakata anampa sauti, do-mi-so-do, naye anadaka ile ya juu. Siku tuliyomzika baba mtu, mtoto akafunga mdomo. Daktari alisema koo halina tatizo, tumpe muda, lakini nyumbani haongei, shuleni haongei, akitaka maji ananyoosha kidole, na mimi nikageuka mtu wa kuzungumza na cherehani.

Niliomba, Shangazi. Nilifunga, mchungaji akaja kumwekea mikono, akina mama wa maombi wakaja wakapaza sauti mpaka mtoto akajificha chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na walipoondoka kimya kikawa kile kile.

Sasa, ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa baa. Humo anapiga kinanda mtu tunayemwita Bwana Kinanda, ambaye zamani alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu, mpaka wazee wa kanisa walipomtenga kwa kosa la kwenda kupiga huko, na kila alasiri anafanya mazoezi peke yake kabla wateja hawajaja, na kila alasiri mimi nilikuwa namwomba Mungu aifunge hiyo baa, nikiamini kelele zile ndizo zinazomzuia mwanangu kupona. Nilikuwa naomba yote mawili kwa pumzi moja, mfungue mtoto, ifunge baa.

Lakini huyu bwana mazoea ya kwaya hayajamtoka. Kabla hajaanza wimbo wowote, hata zile nyimbo za walevi, lazima atoe sauti kwanza kana kwamba waimbaji wamesimama mbele yake: anabonyeza ya besi, anangoja, zile za katikati, anangoja, halafu ile ya juu, anangoja. Aliyekulia kwaya anajua, ukipewa sauti huwezi kukaa nayo tu, ni lazima uijibu. Basi alasiri moja niko kwenye upindo wa sketi ya mteja, nikasikia mtu anaivumisha ile ya juu humu humu ndani. Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Ni mtoto, ameegemea ukuta, mdomo umefungwa, anavumisha. Kesho yake tena. Nadhani na yule bwana alisikia, maana alianza kungoja zaidi akifika kwenye ile ya juu. Tukaenda hivyo hivyo, mpaka siku moja mtoto akanigeukia, akasema, "Mama, ya besi hakuna anayeijibu."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu tutoke makaburini. Nikaijibu mimi, hiyo besi, kwa sauti ya kukwaruza kama bawaba isiyo na mafuta, mtoto akacheka, halafu akalia, halafu akaongea mpaka chakula kikaungua jikoni na hakuna aliyejali. Shangazi, imani yangu ilikuwa imebaki uzi mmoja, nilikuwa naenda kanisani kwa sababu nguo zilikuwa zimeshapigwa pasi. Sasa naenda kwa sababu namjua ninayemwendea.

Kumbe vita ndiyo kwanza inaanza. Jumapili ijayo ni ya shukrani na nimepangwa kutoa ushuhuda. Mwenyekiti wa akina mama amekuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Dada, sema mchungaji aliweka mikono na mtoto akanena. Huo ukuta usiutaje, utatuaibisha." Nikamwambia mikono naishukuru, lakini jibu lilipitia upande wa pili. Akaniambia hata shetani hutoa zawadi. Nikamwambia basi shetani kazi yake haijui, maana mtoto wangu sasa ndiye anayeongoza sala mezani. Akaondoka bila kuaga, na wazee wa kanisa nao wameniletea neno: niseme walivyopanga, la sivyo nikae chini na mtoto asirudi kwaya ya watoto. Naye mtoto anasema ataimba Jumapili iwapo Bwana Kinanda ndiye atakayempa sauti, vinginevyo haimbi.

Nimekataa. Na maombi ya akina mama ya kuifunga baa nimekataa kwenda, waombe wenyewe. Lakini kanisa hili ni langu, mume wangu alitolewa humo kwenda kuzikwa, sina jingine. Niseme yote tutolewe, au nikate nusu ili mtoto apate pa kuimba? Na tafadhali usiniambie ninyamaze. Kunyamaza tumekaa nako nyumba moja, tunakujua.

Ni mimi, Mshona Majoho

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mume, na hongera kwa mtoto. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Tumalize la imani kwanza, maana ni fupi. Uliomba mawili, Mungu akakupa moja kwa kukunyima la pili. Angekusikiliza yote, leo ungekuwa na ukuta kimya na mtoto kimya. Hakuomba ruhusa ya kamati, kwa hiyo na wewe usimwombee radhi kwa njia aliyopita. Ushuhuda unaokatwa ili wakubwa wapendeze ni uongo uliovaa joho, na wewe fundi unajua nani atakuwa ameushona.

Sasa geuka nikukemee. Barua ndefu yote hii, unajua huyo bwana anabonyeza nini na anangoja wapi, lakini nimetafuta mahali uliposema ulikwenda kumshukuru, sijapaona. Hata salamu. Sikio umeliweka ukutani, mguu haujafika mlangoni. Unaogopa mwenyekiti atakuona kwenye mlango wa baa, ndiyo au siyo? Basi mmepishana kidogo tu wewe na yeye. Yeye anataka muujiza bila ukuta, wewe unataka kinanda bila mpigaji. Ukaidi wa kwenye karatasi ni rahisi, mwanangu.

Fanya hivi. Kesho alasiri, watu wakikuona, vaa nguo yako ya kanisani, mshike mtoto mkono, nendeni kwa huyo bwana kabla hajaanza mazoezi. Mshukuru. Mweleze ulivyokuwa ukimwombea mabaya, akicheka sawa, asipocheka sawa pia. Kisha muulize kama angependa kuja Jumapili. Muulize tu, usimkokote. Alitengwa mbele za watu, huenda hana hamu ya kurudishwa mbele za watu. Akikataa, mtoto aimbe sebuleni, Mungu anasikia mpaka huko, umeshaona. Na mtoto mwenyewe akibadili nia, mwache. Yeye si fimbo yako ya kuwachapia wazee.

Jumapili sema yote, hata yale maombi yako ya kuifunga baa. Sema kwa upole, mwenyekiti usimguse. Wakikunyima kipaza sauti, simama hapo hapo kwenye benchi lako, mtu aliyeimba besi hakosi kusikika. Usijitoe kanisani. Wakikutoa, Jumapili inayofuata rudi ukae pale pale, na mtoto kando yako, uone nani atakuwa wa kwanza kuona aibu.

Ila ya Jumapili bado, ya kesho ndiyo kubwa. Mkifika mlangoni kwa huyo bwana, hodi usipige wewe. Mwache mtoto apige. Sauti anayo.