Tandiko la Zipporah Ayuma

Mama Beverlyne, haki ya Mungu, kila neno nitakalokuandikia hapa ni la kweli. Mwaka umetimia tangu ututoke asubuhi ile ya mvua, na nyumba hii ya Lugari bado inasikiliza kama buti zako zitapanda barazani.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa mwalimu wa farasi na wa watu wanaowapanda. Kazi yako jina lake ni dresaji, lakini hapa Lumakanda waliiita densi ya farasi, na hukuwahi kukasirika. Ulisema ni kumfundisha farasi kuujua mwili wake mwenyewe, polepole, mpaka ambebe mtu bila kuumia. Ulijifunza ukiwa msichana, kwenye shamba la farasi upande wa Kitale. Kisha ukaolewa nami, dereva wa trekta la miwa, na mahali ambapo wenzako huleta vyombo, wewe ukaleta mtoto wa farasi. Tulimwita Nafula kwa sababu alifika na mvua.

Uwanja wako ulikuwa nyuma ya mahindi. Herufi za kuonyesha mahali pa kugeukia uliziandika kwa rangi kwenye mitungi ya plastiki. Mwanafunzi mgeni ulimzungusha kwa kamba ndefu, miguu ikining'inia bila vikuku vya kukanyagia, mikono mitupu, mpaka makalio yake yajifunze kusikiliza mgongo wa farasi. Ndipo ukampa hatamu, na akizishika kwa nguvu ukamnyang'anya. "Usimvute mdomo," ulikuwa ukisema. "Keti. Anasikia hata ukipumua."

Ni kweli tupu kwamba Nafula aliweza kugeuka juu ya kifuniko cha sufuria bila kukipinda. Ni kweli pia kwamba siku moja ulimwomba adunde papo hapo, asisonge mbele wala nyuma, akadunda kwa madaha hadi ardhi ikachimbika, na bata wetu wanaoga hapo mpaka leo. Bwana mmoja wa Butere aliyekuja kutazama alirudi kwao akitembea kinyumenyume kwa heshima. Ulikuwa ukinisikia nikiwasimulia wageni haya, ukaniongezea chai. Wakishaondoka ndipo ulipouliza, "Mzee, na yule wa Butere, ameshafika?"

Hukumaliza somo kwa hasira hata mara moja. Farasi akikosea, ulimrudisha kwenye jambo analolijua vizuri, ukamshukuru, ukamwachia hatamu anyooshe shingo, siku ikaisha hapo. Mimi nami ulinifanyia hivyo miaka yote ya ndoa yetu, nikidhani ni mapenzi. Kumbe nilikuwa nafundishwa.

Sweta zako bado zinanuka karoti. Beverlyne amezifua, zimekataa.

Wiki ile ya mwisho, kule hospitalini, hukuongea sana. Ulitaka dirisha lifunguliwe, na ulitaka kujua kama Nafula amekula. Kisha ukanishika mkono ukasema, "Asikae bure. Farasi aliyefundishwa akikaa bure anakakamaa, halafu anaumia." Nilikujibu kwamba nitampanda mwenyewe. Ulitabasamu. Najua kwa nini ulitabasamu, maana nilikuwa nimempanda siku moja tu maishani, ukanishusha ukamwomba yeye msamaha.

Mwanafunzi wako wa mwisho, Jepkorir, alikuja Pasaka kuomba ampande. Nikamwambia amechelewa, nimeshampanda alfajiri. Akaja tena Agosti, nikamwambia hivyo hivyo, nikamwonyesha Nafula kwa mbali, amevaa blanketi lake malishoni. Msichana huyo ana adabu. Alisimama kidogo kwenye ua, akaaga, akaenda.

Jumamosi moja mwezi uliopita tulikusanyika kwa maombi ya mwaka wako. Alikuwepo Beverlyne, alikuwepo dada yako Beldina, na Jepkorir akaja na maua. Baada ya chakula nikawasomea tangazo hili la kukukumbuka kabla halijapelekwa gazetini. Lilikuwa na sehemu nzuri sana hapa katikati. Nilikuwa nimekueleza jinsi ninavyompanda Nafula kila alfajiri, umande ukiwa bado kwenye mahindi, na jinsi anavyonibeba kama mtu aliyebeba mayai. Beldina alianza kulia. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia, ilivyokuwa tamu.

Jepkorir akainuka, akatoka. Aliporudi alikuwa na blanketi la Nafula mkononi.

"Baba," akasema, "hili ni la nini?"

Nikasema ni la baridi.

"Mgongo wake umeshuka. Nyama zote za kando ya uti wa mgongo zimeisha, na shingo ni ngumu kama mti. Hakuna mtu amekaa pale tangu Mwalimu aende."

Nikaanza kueleza kwamba mimi hupanda kwa wepesi sana, kiasi kwamba mgongo wa farasi hauwezi kujua. Beldina akacheka huku machozi yanatoka. Beverlyne hakucheka. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja.

"Wageni uwaambienga unachotaka, Baba," akasema. "Hii ni ya Mama."

Basi, Zipporah, sikiliza. Sijampanda. Nilijaribu mara ya kwanza wiki ile tuliyokuzika. Nilitoa tandiko lako, nikalifuta vumbi, nikaona ngozi yake imebonyea pale ulipokuwa ukikaa, kushoto zaidi kidogo, kwa sababu ya nyonga yako. Nikaweka kiganja hapo. Nikaona kwamba akikaa mtu mwingine, awe mimi au Jepkorir, umbo lako litaondoka, na hilo ndilo lililokuwa limebaki. Nikalirudisha ndani. Nafula nikamfunika ili nisiuone mgongo wake ukiisha. Ulikuwa umenipa kiumbe kilicho hai, nami nikachagua kutunza ngozi.

Nikamuuliza Jepkorir kama amechelewa kweli. Akasema hajui. Nafula anaweza kurudi alivyokuwa, lakini polepole, na kuanzia leo, si kesho.

Wote wakanitazama. Katika uwanja wako aliyemdanganya farasi hakufokewa. Alishuka, akabeba tandiko mwenyewe mbele ya wenzake, akamshikia farasi mpaka mwingine apande. Kwa hiyo niliingia chumbani. Tandiko lilikuwa kwenye kitanda, upande wako, limefunikwa shuka. Nikalibeba nikapita nalo mbele yao wote sebuleni.

Nikamfunga Nafula tandiko. Mikono ilisahau kamba gani inapita wapi, Beverlyne akanionyesha. Jepkorir akapanda kama ulivyomfundisha, akajishusha kwenye tandiko taratibu sana, kama anayekaa karibu na mtu aliyelala. Nikashika kamba ndefu katikati ya uwanja.

Duara la kwanza lilikuwa baya. Nafula alitembea kama ubao, masikio nyuma. Jepkorir hakuvuta kitu. Alikaa. Nilimwona akipumua. Tukazunguka, tukageuka upande wa pili, tukazunguka tena, na mahali fulani kati ya mitungi yako Nafula akatikisa kichwa, akashusha shingo mpaka pua ikakaribia nyasi, akatoa pumzi ndefu puani. Mgongo ukaanza kuyumba chini ya tandiko. Hakucheza densi yoyote. Alitembea tu.

"Anatetemeka, Baba," Jepkorir akasema.

Nikaonyesha kwa mkono tu kwamba amwachie hatamu, siku iishe hapo.

Tandiko liko kwa Jepkorir sasa. Anakuja nalo kila baada ya siku mbili, na kila akija limebadilika kidogo. Mimi nashika kamba, nazoa samadi, na kwato ninasafisha mwenyewe nimeinama, mgongo wangu ukilia. Hili unaweza kumuuliza Beverlyne. Amelisoma, na ameliacha libaki.

Unakumbukwa na mumeo Protus Khisa, binti yako Beverlyne, dada yako Beldina, na Jepkorir, ambaye tumemwandika na watoto wako. Maadamu tupo, Zipporah, hutasahaulika.