Mama, Safari Hii Nilikimbia Kurudi

Mama,

Kwanza tulia. Katika barua hii nitasema mara nyingi kwamba nilikimbia, na ninavyokujua, utaanza kutafuta sufuria yako kabla sijafika mbali. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyetuvamia. Nilikimbia kwa sababu nilitaka kukimbia. Marathoni nzima, Mama, kilomita arobaini na mbili na kidogo, kutoka upande wa Butembo hadi Beni, mchana kweupe, na hakuna aliyekuwa ananifukuza. Mjomba ndiye alikuwa nyuma yangu, lakini hilo nitakueleza.

Tangu tulipokuzika, nyumba imejaa watu wa kuniambia nikae. Kaa, Masika. Pumzika, Masika. Wewe ni mtoto wa kwanza, kilio bado hakijatolewa, matanga hayajaisha, usionekane ovyo barabarani. Nikakaa. Nilikaa kwenye ule mkeka mpaka miguu ikauma kwa kukaa. Asubuhi moja nilitoka kwenda kuchota maji, nikaacha kibuyu mlangoni, nikaanza kukimbia kupanda mlima. Sikujua naenda wapi. Nilikuwa nalia huku nakimbia, na kumbe pumzi haitoshi kwa yote mawili. Mlimani pale kulia kukakoma kwenyewe, miguu ikaendelea. Ndivyo nilivyoanza.

Sasa fikiria Butembo yetu. Mwanamke mwenye kikwembe, kitenge cha kilio, anateremka mbio peke yake asubuhi. Yule bwana wa vocha za simu pale kona aliponiona akafunga dirisha la kibanda. "Kule nyuma kuko nini?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna kitu, nafanya mazoezi. Hakuniamini hata kidogo. Aliikodolea macho ile barabara mpaka nikaona aibu kwa niaba ya barabara. Siku ya pili nikavaa fulana nyekundu yenye namba mgongoni, ili watu waone kwamba huu ni mchezo. Baadhi yao bado waliita watoto ndani.

Siwezi kuwacheka. Wewe mwenyewe ulinilea hivyo: "Batu bakikimbia, unakimbia. Utauliza mbele ya safari." Na kule kwetu Oicha neno hilo ndilo lililotuokoa. Nakumbuka ulikuwa jikoni, sombe, kisamvu chetu, ndiyo kwanza inaanza kuchemka. Kelele zilipotoka upande wa mashamba, uliipua sufuria, ukaiweka kichwani juu ya ngata, bado inatoa mvuke. Nililia uiache. "Bale batu hapana kula sombe yangu," ulisema. Uliacha kitambulisho chako, uliacha godoro, uliacha kakao yote imeanikwa uani. Sombe ukaibeba hadi Beni, ukaomba moto kwa watu usiowajua, ukamalizia kuipika, ukatugawia.

Tulikula tumesimama. Unakumbuka? Sisi wengine baadaye tulijifunza tena kukaa. Wewe hukujifunza. Miaka yote ya Butembo ulikula wima, sahani mkononi, bega kwenye mlango, hata siku ya Noeli. Tukikusogezea kiti unasema unakuja. Ulikufa kwa presha katika nyumba ya kupanga, na kile kiti bado kipya. Hilo ndilo linalonikasirisha, Mama. Nina hasira nalo mpaka leo na sitaki mtu anibembeleze iishe.

Basi vijana wa parokia wakatangaza mbio. Wangeanzia nje kidogo ya Butembo, maana kutoka mjini kabisa njia ingezidi, na wangemalizia Beni.  Njia hiyo ni barabara ileile tuliyokuja nayo tulipotoka Beni, ila kwa kuigeuza. Nikaenda kujiandikisha kwa jina langu lote.

Mjomba alikuja nyumbani siku hiyohiyo. Unamjua kaka yako, hapandishi sauti, anakaza taya. Alisema wataweka fanfari ya matarumbeta, watu watacheza, na mtoto wa kilio haendi kwenye furaha. Halafu akasema lile lililomuuma hasa: "Sisi batu ya Oicha tulikimbia, inatosha. Sasa unaenda kukimbia ya kufurahisha batu?" Na akamaliza: "Ukienda ile course, siku ya kutosha kilio hapana simama mbele." Yaani nikienda kwenye hizo mbio, siku ya kutoa kilio msalaba wako ubebwe na mwingine. Nafasi yangu ya mtoto wa kwanza, mbele ya watu wote, apewe binamu. Nilimjibu kwamba nitakimbia na nitasimama mbele, yote mawili, na kama hapendi aende akamuulize dada yake kaburini nani alinifundisha ukaidi. Ndiyo, nilimjibu hivyo. Najua ungenipiga na mwiko, kisha ungecheka jikoni.

Nilichana kipande cha kikwembe changu cha kilio nikajifunga kichwani. Hivyo sikwenda kwenye furaha. Nilikwenda na kilio changu, nacho kikimbie.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Baridi ya Butembo, ukungu kwenye mikaratusi, miguu ikienda yenyewe. Tulikuwa kundi kubwa la watu wa mwendo wa wastani, wanafunzi, walimu, motard mmoja, dereva wa pikipiki mwenye kitambi, aliyeapa hatatembea. Wale wa mbio kweli walikuwa wameshatuacha zamani. Hivyo ndivyo tulivyoingia Kalunguta.

Mama, kuna vijiji pale ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviambia.

Wanawake walikuwa shambani, kwenye maharage. Waliinua vichwa wakaona barabara imejaa watu wanakimbia kutoka kusini, hakuna anayecheka, wote wanahema. Ungefanya nini? Mmoja akapiga kelele. Majembe yakaanguka. Kabla sijaelewa, barabara ilikuwa na mbuzi, na watoto, na mzee amebeba redio, wote wanakimbia pamoja nasi, na wale wa nyuma yetu waliona wale na wao wakaongeza mwendo. Mbele yangu alikuwa mama mmoja ana beseni la mihogo kichwani. Shingo imenyooka, mgongo wima, hakuna hata muhogo mmoja unaotikisika. Niliufahamu ule mwendo. Niliufuata nilipokuwa mdogo, nikitazama sufuria juu yake.

Nikasimama. Wenzangu walinipita. Nilijua nikisimama misuli itapoa na sitaweza tena, mwalimu wa mazoezi alituonya sana. Nikasimama tu. Nikamshika mkono yule mama. "Mama, ni course! Hapana vita! Ni michezo!"

Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa. "Batu bazima, banakimbia bure?"

"Bure kabisa," nikamwambia.

Hakutaka kusadiki. Basi nikabaki pale katikati ya barabara, nimenyoosha mikono, napiga kelele mpaka sauti ikakauka, nawarudisha watu mmoja mmoja. Mtoto mmoja alikuwa ameingia mgombani na hakutoka mpaka bibi yake alipomwita kwa Kinande, taratibu, kwa jina la nyumbani. Mambo yalipotulia, yule mama aliteremsha beseni, akalitazama, akaanza kucheka.  Nami nikacheka naye. Kisha akajitwisha tena na kuniambia niende, nisije nikawa wa mwisho kwa ajili yake.

Nilikuwa wa mwisho tayari. Na magoti yalikuwa magumu kabisa. Niliondoka nikichechemea kama kuku aliyefungwa mguu.

Hapo ndipo nikasikia pikipiki. Simu zilikuwa zimeshafika Butembo: Kalunguta wanakimbia. Mjomba hakuuliza. Alipanda pikipiki yake akaja, peke yake, kuelekea kule ambako aliamini watu wanakufa, kunitafuta mimi. Alikuwa amevaa kandambili. Alinifikia, uso umekuwa wa kijivu, akasema neno moja tu: "Panda."

Nikamwambia kwamba hakuna kitu, ni watu tu walioshtuka.

"Panda, Masika."

"Miye hapana panda."

Sijui nikuelezeje. Mwili wangu wote ulitaka kupanda. Maisha yangu yote mtu mzima akisema panda, tunapanda, akisema kimbia, tunakimbia. Lakini nilikuwa nimeelekea Beni, Mama, kwa miguu yangu, bila mtu kunisukuma, na nilihisi kwamba nikipanda ile pikipiki nitakula wima mpaka kufa. Nilimwambia mjomba hivyohivyo. Nikataja mlango, na sahani, na kile kiti.  Aliangalia pembeni, kwenye migomba. Nikaanza kuvuta miguu, na nyuma yangu nikasikia pikipiki imewashwa, inakuja polepole, gia ya kwanza.

Alinifuata hivyo njia yote iliyobaki. Nikitembea anapiga honi. Kwenye kizuizi cha wanajeshi, ambapo unajua kila mtu hushuka na kuonyesha karatasi, yeye alishuka akasukuma pikipiki, kandambili zake miguuni. Mimi nilipapasa nguo nikitafuta kitambulisho. Askari akateremsha kamba hadi chini. "Pota mbangu, mama!" akasema kwa Kilingala. Kwa mara ya kwanza mwanajeshi aliniambia nikimbie na nikafurahi.

Beni walikuwa wameanza kushusha kitambaa cha mwisho wa mbio. Fanfari ilikwisha kwenda kunywa. Alibaki kijana mmoja wa tarumbeta, akanipigia kidogo, vibaya. Nilivuka nikilia, na safari hii pumzi ilitosha. Mama mmoja alinisogezea kiti, nikamshukuru nikabaki wima. Mjomba aliegemea pikipiki, akafuta uso kwa shati. "Siku ya kutosha kilio," akasema, "utasimama mbele. Lakini viatu ile, hapana."

Kiti nilikikataa kwa sababu changu kiko mbele zaidi. Kutoka Beni hadi Oicha bado kuna kipande, na najua njia ile ilivyo, sihitaji wa kunitisha. Sitaenda kwa wazimu. Lakini nitaenda. Sufuria yako ninayo, ile yenye bonde ubavuni. Mjomba amekubali kubeba kile kiti kipya kwenye pikipiki, ananung'unika lakini amekubali.

Kwa hiyo pumzika, Mama, usisimame tena mlangoni, zamu hiyo nimeichukua. Nakuahidi hivi: nitawasha moto uani kwetu, nitatwanga sombe, na itaivia palepale ilipoanzia. Mtu akipita mbio nitamuuliza kwanza. Kisha nitakaa kwenye kiti chako, mgongo nimeupa mlango, na nitakula mpaka niishibe.

Mwanao wa kwanza,
Masika